Dobi Aliyefua Injini

Mtaani walimwita Dobi, na hata alipofunga duka lake la kufulia hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa kukaa majini miaka nenda rudi, na jicho lisilojua kupumzika. Ukimsalimia, kabla hajajibu tayari ameshaiona kola yako. Aliitikia vizuri, akauliza hali ya watoto, lakini wewe ulijua kabisa kwamba kola imeonekana na hukumu imepitishwa. Watu wenye doa shatini walikuwa wakimwona kwa mbali wanavuka barabara.

Mkewe alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, hospitali iliyo karibu na kwao. Mtaa mzima ulimwita Sista, na Dobi naye alimwita hivyo hivyo. Walikutana kwa ajili ya doa. Alifika dukani akiwa bado msichana, juu ya pikipiki aliyoinunua mwenyewe, mkononi ameshika gauni jeupe la kazi lililorukiwa na damu, akauliza kama litatoka. Dobi akamuuliza kama ameshalitia maji ya moto.

"Maji ya moto? Kwenye damu?" Sista alimtazama kama anayeulizwa kama mtoto mchanga anatafuna.

Hapo hapo Dobi akaamua kumwoa. Hiyo ndiyo hadithi yao nzima ya mapenzi, na Dobi akiisimulia huwa haoni kama kuna kilichopungua.

Sasa Sista alikuwa anastaafu. Siku yake ya mwisho kazini ilipangwa Jumatatu moja, mwisho wa mwezi uliokuwa unakuja, na yeye mwenyewe hakuonekana kujali. Alipika, alikunja nguo, aliwafokea watu wa kwenye televisheni kama kawaida. Lakini jioni moja Dobi alimsikia akizungumza na dada yake kwenye simu.

"Ningependa siku ya mwisho niingie pale kama nilivyoingia siku ya kwanza," alisema. "Juu ya pikipiki yangu. Lakini ndiyo hivyo tena."

Dobi alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi pembeni, jambo ambalo hulifanya mara chache sana shati likiwa katikati. Katika nyumba ile "ndiyo hivyo tena" ilisemwa juu ya watu waliokwisha kuzikwa. Hakupenda kuisikia ikisemwa juu ya pikipiki iliyokuwa hapo hapo gereji, chini ya turubai, tangu hospitali ilipoipa wodi gari lake la kupeleka wakunga majumbani.

Asubuhi akaenda kuifunua. Haikuwa imekufa, ilikuwa imeota uchafu. Injini yote ilikuwa na ukoga mweupe, mafuta yaliyoganda, matope ya njia ambazo siku hizi zina lami. Akamwita fundi wa pikipiki wa pale kona, kijana mwenye mikono mizuri na ahadi mbaya, ambaye kwa sababu ya hizo ahadi watu walimwita Kesho. Kesho aliizunguka, akaipiga teke la kichokozi, akasema injini ndani haina ubaya. Ifunguliwe, isafishwe, ifungwe.

"Kusafisha tu?" Dobi aliuliza.

"Kusafisha ndiyo kazi, mzee wangu. Uchafu huu hautoki kwa brashi."

Kumwambia Dobi kwamba kuna uchafu hautoki ni kumtukana, ila Kesho hakujua. Dobi akaingia kwenye simu kutafuta, na baada ya kupita watu wengi wanaopiga kelele akapata video ya mzee mmoja asiyesema neno. Mbele yake palikuwa na kabati la chuma lenye kioo na matundu mawili ya mikono. Mzee aliweka ndani kipande cha injini kilichochakaa, akaingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizoshikizwa kabatini, akakanyaga pedali. Humo ndani bunduki ndogo ikaanza kupiga maji yaliyochanganywa na shanga za kioo zilizosagika kama sukari laini, zikisukumwa na upepo wa kompresa. Kipande kikatoka kimetakata, kina rangi ya fedha iliyotulia, hakina hata mkwaruzo. Dobi aliitazama video hiyo mpaka simu ikazima.

"Kumbe ni kufua tu," alijiambia.

Akamwendea mkewe jikoni, akatangaza bila kumung'unya maneno: "Siku yako ya mwisho utakwenda na pikipiki yako."

Sista aliendelea kukata kitunguu. "Haya, Mzee," alisema. Alimwita Mzee wakati wa amani na Dobi wakati wa vita. Lakini kesho yake alimwambia mwenzake mmoja wodini, na mwenzake yule hakujaliwa kifua, ikawa hospitali nzima inajua, kuanzia mlinzi wa getini mpaka wagonjwa wa meno. Jioni Dobi alimkuta ameiteremsha helmeti yake ya zamani kutoka juu ya kabati la nguo na anaifuta kwa kitambaa. Alipoona anatazamwa akajitia anafuta kabati. Dobi akajua hapo kwamba amekwisha kula kiapo, na hakuna pa kurudia.

Gereji yao ilikuwa haijawahi kulala gari. Ilikuwa ndogo, ina taa moja, na ndimo lilimokimbilia duka zima siku lilipofungwa: meza ya pasi, mizani ya kupimia nguo, na mashine kubwa ya kufulia ambayo Dobi alikataa kuiuza kwa sababu za heshima. Mashine hiyo ndiyo iliyokufa kwa mara ya pili. Mlango wake wa kioo cha duara ukawa dirisha la kabati. Pipa lake lisiloshika kutu likawa sakafu ya kukusanyia maji. Mpira wa mlangoni, ule uliomeza soksi za watu wazima na heshima zao, ukawa wa kuzuia maji yasivuje. Bati na vyuma vya pembeni alichomelewa na jirani mwenye kiwanda cha mageti, kwa hiyo kabati likatoka na maua mawili ya chuma kwenye kona za juu, maana jirani yule hajui kuchomea kitu kisichokuwa na maua.

Sista alisimama mlangoni akilitazama.

"Hili ni nini?"

"Kabati."

"La nguo?"

"La kufulia."

"Kufulia nini?"

"Vyuma."

Sista akatikisa kichwa kama anavyomtikisia mama anayesema hasikii uchungu huku amekishika kitanda kwa mikono miwili, akaingia ndani.

Glavu nazo zilileta maneno. Dobi alikumbuka kwamba wodini kuna glavu ndefu zinazofika kwenye viwiko, akauliza kwa sauti ya upole kama hazipatikani zilizochakaa. "Za wodi ni za wodi," Sista alijibu, na mjadala ukafungwa. Akapata nyingine kwa wazibua vyoo, mpya, nene, nyeusi, ambazo zilimfanya aonekane kama ameazima mikono ya mtu mkubwa kuliko yeye.

Pampu ya kwanza ilikuwa ile ya mashine ya kufulia. Kazi yake ilikuwa kuyavuta maji yenye shanga kutoka chini na kuyarudisha kwenye bunduki, yazunguke hivyo hivyo bila kupotea. Ilimeza shanga, ikakohoa, ikafa ikiwa na heshima zake. Dobi akanunua ya kuvutia maji machafu ya mashimo, ambayo imezoea kumeza makubwa zaidi. Kompresa yake mwenyewe ilikuwa ya kujazia magurudumu ya baiskeli. Ilipuliza mara moja, bunduki ikatema mate, basi. Akamwendea Kesho kuazima ile kubwa ya kupigia rangi. Kesho akasema ataileta kesho. Ilikuja baada ya juma zima, ikisukumwa kwenye mkokoteni, nzito kama ng'ombe.

Siku ya kuiwasha, taa za nyumba nzima zilififia na televisheni ikazima. Sista alikuja gereji, akasimama mpaka kelele zikaisha.

"Alikuwa anajibu," alisema.

"Nani?"

"Bibi harusi. Ameulizwa kama anamkubali."

"Akajibuje?"

"Sijui, Dobi. Ndiyo maana nimekuja."

Wakakubaliana kwamba kompresa haitawashwa wakati wa tamthilia. Dobi alirekebisha nyaya, akaziba palipovuja, akafunga kipangusio cha gari ndani ya kioo ili aone anachokifanya, akaweka na mpira wa maji safi wa kusuuzia mwishoni. Halafu akachukua pasi yake kongwe, ile ya kwanza kabisa, ambayo chini ilikuwa imeungua rangi ya kahawia, akaiweka ndani na kukanyaga pedali. Maji yakapiga kioo, ukungu ukajaa, hakuona kitu. Akazungusha kipangusio. Kati ya ukungu na ukungu aliliona doa la miaka mingi likiondoka taratibu, bila ubishi, kama mgeni aliyekumbuka kwamba amekaa sana. Dobi alilia kidogo. Mikono yake ilikuwa kabatini, hakuweza kujifuta, kwa hiyo akaacha machozi yashuke yenyewe.

Kufika hapo mtu mwingine angeanza na injini. Dobi alianza na sufuria za Sista, na Sista alipoziona alisema hizi si zake, azirudishe kwa mwenyewe. Ilichukua muda kumshawishi.

Mwishowe akaifungua injini kwa kufuata maelekezo ya Kesho kwenye simu, akapanga vipande vyake mezani kwa mpangilio wa mashati: vikubwa chini, vidogo juu. Na hapa inabidi kueleza namna Dobi anavyofanya kazi, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Maisha yake yote, kabla ya nguo kuingia majini, Dobi hupekua mifuko. Hapekui kwa umbea. Kalamu moja iliyosahaulika hugeuza shuka zote za hoteli kuwa za bluu. Pale dukani alikuwa na kisahani cha vitu vilivyopatikana mifukoni: funguo, tiketi, pete mbili za ndoa ya mtu mmoja, na mara moja jino. Kila mtu alirudishiwa chake bila swali. Nguo ikishafuliwa, imekwisha. Kinachofuata ni kuanika na kupiga pasi. Hakuna dobi duniani anayepekua mfuko wa nguo iliyokwisha kutoka majini.

Basi akaipekua injini. Kila tundu, kila njia ya oili, kila pembe alipitisha waya na kitambaa kabla ya kuosha. Alitoa matope, alitoa nyumba ya nyigu, alitoa bolti ambayo Kesho aliapa si ya pikipiki hii wala ya pikipiki nyingine yoyote. Vyote akaviweka kwenye kisahani. Halafu akaviosha vipande kimoja kimoja, siku kadhaa, wakati tamthilia haipo. Vilipotoka vilikuwa vimetakata kiasi kwamba Sista alichukua kifuniko kimoja akakigeuzageuza, akakirudisha mezani polepole.

"Kilikuwa hivi nilipoinunua," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Dobi alikuwa amevimba kichwa, na alijua kwamba akisema kitu kitaonekana. Akavisuuza vipande kwa maji safi, akavianika juani juu ya kamba ya nguo na meza ya pasi, vikakauka vizuri. Kumbe ndani ya zile njia nyembamba za oili, zinazopinda gizani kama mifuko ya ndani ya koti, shanga za kioo zilikuwa zimejikusanya na kutulia.

Jumamosi ya mwisho kabla ya ile Jumatatu, Kesho alikuja kuifunga. Aliviona vipande akapiga mluzi. Alichukua kimoja, akakielekeza kwenye mwanga, akachungulia tundu.

"Mzee wangu, na huku ndani umesafisha?"

Swali lilikuwa la kawaida. Fundi yeyote angeliuliza. Lakini Dobi aliliona kama kofi.

"Unaniuliza mimi kama nimesafisha?"

"Hapana, mzee, nilikuwa tu..."

"Wewe unavaa ovaroli ambayo mara ya mwisho kuonana na sabuni ulikuwa hujaota ndevu. Unaniuliza mimi?"

Kesho alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alisema samahani mzee, akafunga injini. Alifanya kazi nzuri na ya haraka, akairudisha kwenye pikipiki, akapaka gundi za gasketi za kuziba maungio, akasema zikauke kwanza, oili itiwe Jumapili na iwashwe, Jumatatu Sista apande. Akaondoka zake. Dobi akavuta kiti, akaketi kuitazama. Hakuwa na neno na mtu.

Sista alirudi zamu mchana. Alikwenda moja kwa moja gereji, bado na viatu vya kazi, akaizunguka pikipiki yake mara moja. Uso wake ulilainika, na kwa muda alionekana kama yule msichana aliyeleta gauni. Akapitisha mkono juu ya tangi, juu ya kiti, juu ya injini. Tundu la kutilia oili lilikuwa wazi likisubiri. Kwa mazoea ya mikono yake, ambayo kazi yake yote ni kujua yasiyoonekana, akaingiza kidole cha mwisho, akazungusha ndani, akakitoa.

Akakitazama. Akakipeleka kwenye mwanga. Kidole kilikuwa kinameremeta.

"Hii nini, Mzee?"

Dobi alisogea. "Vumbi," alisema, lakini hata yeye hakujiamini.

"Vumbi halimeremeti. Ni vile vioo vyako?"

"Ni shanga."

"Zinafanya nini humu ndani?"

Sista hakuwa fundi, lakini alikuwa na namna ya kuuliza ambayo imewafanya wanaume wengi wakubali mambo waliyoyakana korido nzima.

"Nikitia oili hapa, zitakwenda wapi?"

"Zitazunguka na oili."

"Halafu?"

"Zitakula beringi. Halafu pistoni. Halafu kila kitu."

"Lini?"

"Ungefika nusu ya njia," Dobi alisema. "Pengine usingefika."

Aibu ilimpanda, aibu ya kitoto, ya kupatikana na kosa. Alitaka kusema kwamba alipekua, kwamba kisahani kile pale, kwamba nyumba ya nyigu alitoa yeye. Akasema vyote kwa mkupuo, akamalizia: "Mifuko huangaliwa kabla."

"Kwetu huangaliwa baada," Sista alisema.

Hakumwita Dobi. Angemwita Dobi ingekuwa nafuu.

Jumapili simu ya Kesho ilikuwa imezimwa, kama Jumapili zote. Kufungua si kazi kama kufunga, kwa hiyo Dobi akaishusha na kuifungua injini mwenyewe, na kila bolti iliyolegea ilikuwa inamwambia kitu. Alidhani Sista atakaa ndani na televisheni yake. Lakini Sista alitoka akiwa amefunga kitambaa kichwani, mkononi ana bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, alilolinunua duka la dawa asubuhi hiyo, na kipira chembamba cha kuchomeka mbele yake. Akatia maji ya moto yenye sabuni, akakiingiza kipira kwenye njia ya oili, akasukuma. Upande wa pili Dobi alikinga kipande cha shuka jeupe. Maji yakatoka, na juu ya shuka shanga zikatapakaa.

"Bado," Dobi alisema.

Akasukuma tena.

"Bado."

Wakaenda hivyo, Sista akisukuma na Dobi akikinga. Dobi alikuwa na jicho la shuka jeupe kuliko mtu yeyote pale mtaani, na lile jicho ndilo pekee alilobaki nalo la kujivunia. Alisema "safi" pale tu alipoona shuka halina hata chembe, na akishasema Sista anarudia mara moja zaidi.

"Nimesema safi," Dobi alimwambia mwishowe, akiwa ameanza kuchoka.

Sista alivuta maji mapya kwenye bomba. Hakusukuma.

"Mwaka wangu wa kwanza," alisema, "kulikuwa na mama mmoja, mbali, kule ambako nilikuwa nakwenda na hii pikipiki. Alizaa vizuri. Mtoto akalia, ndugu wakashangilia, mimi mwenyewe nikacheka nao. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha. Kondo la nyuma lilipotoka nikalitazama juu juu, nikasema zima. Nikanawa, nikapanda pikipiki, nikaja zangu."

Dobi alibaki ameshika shuka.

"Kilibaki kipande ndani. Kidogo tu. Waliponiita tena alikuwa ameshaishiwa damu."

Dobi alihesabu kichwani: kama ilikuwa mwaka wa kwanza, basi lile gauni alilomletea dukani, lile lililowakutanisha... Hakuthubutu kuuliza. Sista akamjibu hivyo hivyo.

"Ndiyo. Lilikuwa la siku hiyo."

"Hukuniambia."

"Uliniambia litatoka," Sista alisema. "Na lilitoka. Nikaona niliache hapo."

"Na mtoto?"

"Yupo. Mtu mzima. Alimleta mkewe kujifungua kwangu, akanishika mikono yote miwili kunishukuru. Baba yake nilimwambia ukweli, siku ile ile. Mtoto mwenyewe sijui kama aliambiwa." Akakisukuma kipira kwenye tundu. "Kinga."

Dobi akakinga. Alitaka kumwambia jambo la maana, jambo ambalo mume mwema angelisema, lakini kila alilolipata lilikuwa dogo. Basi akakinga shuka vizuri zaidi. Wakarudia njia zote za oili tangu mwanzo, hata zile ambazo alikwisha kusema ni safi, na safari hii hakunung'unika.

Jumatatu asubuhi vipande vilikuwa mezani, vikavu, vimefunikwa, na pikipiki haina injini. Gari la wodi likapiga honi nje. Sista alitoka amevaa gauni jeupe alilolipiga pasi Dobi mwenyewe. Helmeti aliiacha juu ya meza ya chakula.

"Si kitu, Mzee," alisema mlangoni. "Ningefika tu hata kwa miguu."

Akapanda gari. Dobi alimwona dereva akichungulia nyuma yake kutafuta pikipiki ambayo hospitali nzima ilikuwa inaisubiri, na Sista akimwambia aendeshe tu. Alisimama pale mpaka gari likapotea, akaona ameshindwa jambo moja pekee aliloombwa, na wala hakuombwa, alilisikia tu.

Halafu Kesho, aliyekuta ujumbe wa Dobi kwenye simu, akatokea asubuhi ile ile na vifaa vyake begani. Mtaani bado wanaizungumzia siku ambayo Kesho alikuja leo.

"Uliniuliza swali la haki, kijana," Dobi alimwambia kabla hata ya salamu. "Nikakufokea. Ndani kulikuwa kuchafu."

Kesho alitazama chini. "Yaishe, mzee wangu. Na mimi nilipaswa kuangalia mwenyewe, ila niliogopa."

Wakafanya kazi wote wawili, Dobi akishika, Kesho akifunga. Kila kipande kilipita mbele ya shuka kwanza. Gundi waliipa muda wake, wakatia oili, na jua lilipoanza kuteremka Kesho akapiga kiki. Haikuwaka. Akapiga tena. Dobi aliangalia pembeni. Mara ya tatu ikakohoa, ikashika, ikatulia ikinguruma kwa sauti ya chini ambayo Dobi aliitambua. Ndiyo sauti iliyokuwa ikisimama mbele ya duka lake zamani, naye akijifanya ana kazi nyingi.

Aliiwahi hospitali wakati zamu inabadilika. Aliendesha polepole, kwa woga, helmeti ya Sista imening'inia mkononi. Mlinzi wa getini alisimama akapiga saluti, ingawa haikujulikana kama anampigia Dobi au pikipiki.

Sista akatoka, ameshika zawadi ya wenzake wodini. Ilikuwa saa kubwa ya ukutani, ile wanayopewa watu ambao kuanzia kesho hawana haja tena ya saa. Nyuma yake manesi walikuwa wamejipanga barazani wakipunga mikono. Aliiona pikipiki. Akasimama. Akaisikiliza kwanza, kichwa ameinamisha, kama anavyosikiliza tumbo la mama mjamzito.

"Inasikika vizuri," alisema.

"Shuka lilikuwa jeupe," Dobi alisema.

Sista akampa saa, akachukua helmeti na kuivaa.

"Sogea nyuma."

Dobi akasogea nyuma. Akaipakata saa kati ya kifua chake na mgongo wa mkewe, akaikumbatia pamoja naye, na Sista akaing'oa pikipiki pale getini kwa kasi ambayo mtu wa umri wake hapaswi kuwa nayo. Wakapita soko, wakapita shule, wakapita kwa Kesho, aliyetoka nje na kushangilia na spana mkononi. Kona ya nyumbani ikaja. Sista hakupunguza mwendo. Kona ikapita.

Dobi alifikiri amesahau. Akainua kichwa amkumbushe, na ndipo alipoyahisi mabega yake, yanatetemeka, si kwa mtetemo wa injini. Mbele yao barabara ilikuwa inaelekea nje ya mji, kule mbali ambako Sista alikuwa akienda kuzalisha mwaka wake wa kwanza. Akasogea karibu zaidi na sikio lake, ili upepo usimnyang'anye sauti.

"Mafuta yapo," alimwambia. "Nimejaza tangi. Wewe endelea tu."